Kuelekea Kiti cha Mkurugenzi Mtendaji wa Asasi

Matangazo ya kazi ya mkurugenzi mtendaji wa asasi isiyo ya kiserikali yanafanana sana. Yanataka shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka kadhaa katika uongozi, ustadi wa kutafuta fedha, ufasaha wa Kiswahili na Kiingereza. Afisa miradi aliyeko Mwanza au Dodoma hulisoma tangazo kama hilo, hulinganisha vyeti vyake na masharti yaliyoandikwa, kisha huamua kuomba au kuliacha lipite. Vyeti vina kazi yake. Lakini bodi inayotafuta mkurugenzi inamtafuta hasa mtu ambaye amekwisha kubeba uamuzi mzito mbele ya wenzake, akaulizwa, akajibu. Sifa hiyo haiji kwa kusubiri miaka itimie. Hutafutwa makusudi, na unaweza kuanza kuitafuta ukiwa bado mbali na kiti chenyewe.

Nazungumzia mkurugenzi wa asasi, si mkurugenzi wa halmashauri anayeteuliwa na Rais. Kiti cha halmashauri hakiombwi. Cha asasi kinatangazwa, kinashindaniwa, na mwenye kukitaka ana nafasi ya kujiandaa. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania Bara, kwa sababu sheria hutofautiana: Zanzibar ina msajili wake, na nchini Kenya Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024 tu, baada ya kukaa kabatini zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo mzigo wenyewe, yaani fedha, watu, bodi na sheria, hautofautiani sana ukivuka mpaka.

Unamfanyia nani kazi

Asasi nyingi zina ngazi tatu. Juu kuna mkutano mkuu wa wanachama, ambao ndio wenye asasi. Chini yake ipo bodi, inayoweka sera, kupitisha bajeti na kumwajiri mkurugenzi. Kisha sekretarieti, watumishi wa kila siku, ambao mkurugenzi ndiye mkuu wao. Kwa hiyo mkurugenzi ni mwajiriwa. Wapo wanaoingia ofisini wakiamini wamefika mahali pasipo na bosi, wakakuta wana mabosi saba au tisa, kila mmoja na kazi yake nyingine, wanaokutana mara chache kwa mwaka na kutaka kuelewa kwa saa nne yale yaliyofanyika kwa miezi mitatu.

Bodi nzuri huuliza maswali magumu na kumwachia mkurugenzi utekelezaji. Bodi dhaifu ama inalala, ikapitisha kila kinacholetwa, ama inataka kuidhinisha hadi ombi la mafuta ya gari. Zote mbili ni hatari, na bodi iliyolala ndiyo hatari zaidi kwa sababu humfurahisha mkurugenzi. Siku hesabu zikileta utata atajikuta hana shahidi, maana kila uamuzi alifanya peke yake.

Jambo moja linaokoa wakurugenzi wengi: mwenyekiti asisikie habari mbaya kutoka kwa mtu mwingine. Mfadhili akisitisha malipo, gari likipata ajali, mtumishi akituhumiwa, mwenyekiti aarifiwe siku hiyohiyo, na simu ifuatiwe na maandishi mafupi. Nyaraka za kikao ziwafikie wajumbe wiki moja kabla. Muhtasari wa kikao uandikwe mapema, wakati maneno bado yapo kichwani, na maazimio yatajwe pamoja na jina la atakayetekeleza na tarehe ya mwisho.

Haya yote unaweza kujifunza kabla ya kupanda cheo. Mwombe mkurugenzi wako akuruhusu kuwasilisha taarifa ya mradi wako mbele ya bodi, hata kwa dakika kumi. Pia tafuta nafasi ya kukaa upande wa pili wa meza. Kamati ya shule ya mtaa wako, bodi ya asasi changa isiyo na uwezo wa kulipa posho, kamati ya usimamizi ya SACCOS ya kazini, zote ni mahali pa kujifunza jinsi mjumbe anavyoona mambo. Kamati ya usimamizi ina faida ya pekee: kazi yake ni kuwachungulia viongozi wa chama na vitabu vyao, na wanachama unaowawakilisha ni watu utakaokutana nao kesho yake kazini. Mtu aliyewahi kusimama kwenye mkutano mkuu wa SACCOS akaeleza kwa nini mikopo fulani hairejeshwi amepata somo ambalo semina haiwezi kumpa.

Fedha, na tena fedha

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo wakurugenzi wengi wema huanguka. Nasema wema kwa makusudi. Mwizi ana kesi yake. Anayenisikitisha ni mtu mwaminifu, mwenye moyo wa kuwahudumia watu, aliyepanda kutoka kwenye programu bila kuwahi kusoma taarifa ya fedha mpaka mwisho.

Fedha nyingi za asasi zina masharti. Ruzuku ya mradi wa lishe ni ya lishe, kwa kasma zilizoandikwa, kwa muda ulioandikwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Asasi ina miradi miwili, wa maji na wa elimu. Fedha za elimu zimechelewa kutoka kwa mfadhili, na posho za walimu wa kujitolea zinadaiwa. Akaunti ya maji ina milioni 60 zimetulia. Mkurugenzi anaagiza zichukuliwe milioni 12 “kwa muda tu”. Mwezi unapita, mfadhili wa elimu anakata sehemu ya ruzuku, na mradi wa maji unafika ukomo. Mkaguzi anakuja, anaziweka zile milioni 12 kwenye orodha ya gharama zisizokubalika, na mfadhili wa maji anazidai zirudishwe. Zirudishwe kutoka wapi? Asasi haina fedha zake yenyewe. Hakuna aliyeiba hata senti moja, lakini asasi imebaki na deni na hati ya ukaguzi yenye shaka, na wafadhili wengine wataisoma hati hiyo kabla ya kusoma andiko lolote zuri la mradi.

Tena kuna makato na kodi, ambayo kwa mkurugenzi mgeni huonekana ni kazi ya mhasibu. Kodi ya mishahara hulipwa TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, pamoja na kodi ya zuio iliyokatwa kwa mwenye nyumba ya ofisi au kwa mshauri mwelekezi. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hatakiwi kumkata mtumishi zaidi ya nusu yake. Mtumishi aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukata na kupeleka. Kuna mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ukichelewesha, kuna faini, na faini hizo ndizo gharama ambazo wafadhili kwa kawaida hukataa kuzilipa. Kila mwezi, kabla ya kusaini mishahara, mkurugenzi aulize: risiti za mwezi uliopita ziko wapi? Ni swali dogo, linachukua dakika mbili.

Ukiwa bado afisa au meneja miradi, omba kusimamia bajeti nzima kutoka kuandaliwa hadi kukaguliwa. Si kasma ya semina peke yake. Kaa na mhasibu siku ya kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, uone tofauti zinatoka wapi. Jifunze kwa nini masurufu yasiyorejeshwa kwa wakati ni dalili mbaya hata kama kila mtu anajua fedha zilitumika vizuri. Soma barua ambayo mkaguzi huiandikia menejimenti baada ya ukaguzi, ile yenye hoja na mapendekezo. Ukiweza kuipata ya miaka mitatu mfululizo, angalia hoja zipi zinajirudia, kwa kuwa asasi inayorudia hoja ileile ina tatizo la uongozi. Mhasibu hatakudharau kwa kuuliza. Wahasibu wengi hutamani mtu wa programu awaulize hata mara moja.

Watu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai kuwa mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Vyote viwili. Mkurugenzi aliyekasirika, mwenye sababu nzuri kabisa, akamfukuza dereva kwa ujumbe wa simu saa tatu usiku, ameipa asasi kesi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huenda akashindwa. Mtumishi aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake huko. Tuhuma iandikwe, mtumishi apewe muda wa kujibu, asikilizwe akiwa na mwenzake au mwakilishi wake, uamuzi uwe na maandishi. Taratibu hizi humlinda pia mkurugenzi dhidi ya hasira zake mwenyewe.

Ulinzi wa wanufaika ni jambo ambalo bodi na wafadhili sasa hulichukua kwa uzito kuliko zamani. Mwaka 2018 habari za watumishi wa Oxfam waliowatumia wanawake vibaya nchini Haiti, baada ya tetemeko la ardhi la 2010, zilitikisa sekta nzima, na wafadhili wengi wakabana masharti yao. Mkurugenzi lazima ajue mwanafunzi wa kike aliyeombwa rushwa ya ngono na afisa wa asasi atalalamika kwa nani, kwa njia gani, na nani atamlinda baada ya kulalamika. Kama jibu ni “aje ofisini kwangu”, hakuna mfumo. Mtoto wa darasa la sita hawezi kupanda ngazi hadi ofisi ya mkurugenzi, akapita kwa katibu muhtasi, akamshitaki mtu aliyekuja shuleni kwao na gari la asasi.

Uzoefu wa kuongoza watu hauanzi na kuwa na watumishi kumi chini yako. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wahamasishaji wa vijijini wanaolipwa posho, timu ya siku tano ya kukusanya takwimu, hao ni watu wa kuongoza. Jizoeze kuwapa kazi iliyo wazi, kuwasikiliza, kuwaambia ukweli kuhusu kazi yao wakiwa faraghani, na kuwasifu mbele ya wengine. Ukishindwa kumwambia mwanafunzi wa mafunzo kwamba ripoti yake ni mbaya, hutaweza kumwambia meneja wa fedha mwenye umri wa baba yako.

Serikali na msajili

Asasi za Tanzania Bara husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, iliyofanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2019. Tangu mabadiliko hayo cheti cha usajili kina ukomo wa miaka kumi, kisha huhuishwa. Asasi inapaswa kutoa taarifa ya kazi zake kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za 2018 ziliongeza wajibu wa kuweka wazi fedha zinazozidi shilingi milioni 20 na kuwasilisha mikataba ya ufadhili kwa mamlaka ndani ya siku chache baada ya kusainiwa. Kanuni hubadilika, hivyo usikariri kwa mazoea: mkurugenzi afike kwa msajili, au kwa msajili msaidizi katika mkoa na wilaya, ambaye mara nyingi ni afisa maendeleo ya jamii, aulize kinachotakiwa mwaka huu.

Afisa maendeleo ya jamii wa wilaya ni mtu wa kufahamiana naye mapema, wakati hakuna shida. Vivyo hivyo mtendaji wa kata, mganga mkuu wa wilaya kama kazi yenu ni afya, au afisa elimu kama ni shule. Wapo wakurugenzi wanaojulikana vizuri katika hoteli za mikutano Dar es Salaam lakini mtendaji wa kata ambako mradi unafanyika hawamjui kwa sura. Kijiji kikigoma, hoteli haitasaidia.

Njia zinazofika

Wengi hupanda kupitia programu: afisa miradi, meneja, mkuu wa idara, kisha kiti. Wengine hutokea upande wa fedha na utawala, na hawa huja na nidhamu nzuri ya vitabu lakini wanapaswa kujitahidi kuijua jamii. Wapo pia wanaoingia kutoka nje, mwanasheria, mwalimu mkuu, muuguzi aliyeongoza hospitali ya wilaya, mwanahabari. Bodi huwapenda hawa pale asasi inapohitaji macho mapya.

Tukitazama asasi kongwe za nchini tunaona kwamba kiti hutoka mkono kwa mkono kwa namna tofauti. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanzishwa 1993, uliongozwa na Mary Rusimbi, kisha Usu Mallya, kisha Lilian Liundi, na asasi ikabaki na sauti yake ileile ya kudai bajeti zenye mtazamo wa kijinsia. Helen Kijo-Bisimba aliongoza Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa zaidi ya miaka 20, akakabidhi kwa Anna Henga mwaka 2018. Rakesh Rajani, mkurugenzi wa kwanza wa HakiElimu iliyoanzishwa 2001, aliiacha mikononi mwa wengine, na mwaka 2009 akaanzisha Twaweza. HakiElimu haikufa. Kwangu hicho ndicho kipimo kikubwa cha mkurugenzi mwanzilishi: asasi iendelee kudai elimu bora wakati yeye hayupo tena chumbani.

Mtu anayetaka kiti achague asasi ya kufanyia kazi kwa kuangalia jambo hili. Asasi ambayo mwanzilishi ni mwenyekiti, mkewe ni mhasibu na mdogo wake ni meneja miradi inaweza kukupa kazi nzuri na watu wema, lakini haitakupa kiti, na pengine haitakufundisha kuhojiwa na bodi huru. Fanya kazi hapo ukipenda, ila ujue muda wako unakwenda wapi.

Kuhusu masomo, nitasema wazi ninavyoona. Shahada ya uzamili itakufungulia mlango wa orodha fupi, kwa hiyo kama huna na unaweza kuipata bila kujifilisi, ipate. Chuo Kikuu Mzumbe kina historia ndefu ya kufundisha utawala na menejimenti, na ESAMI, yenye makao yake Arusha, hufundisha mameneja wa nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Taasisi ya UONGOZI ilianzishwa 2010 kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Finland, na Chama cha Waajiri Tanzania kina programu ya kuwaandaa wanawake kwa nafasi za juu na kwa ujumbe wa bodi. Lakini ukiwa na fedha za kozi moja tu mwaka huu, na tayari una shahada, chagua kozi fupi ya fedha kwa wasio wahasibu. Shahada ya pili ya maendeleo ya jamii haitajaza pengo ambalo lipo kwenye kusoma mizania.

Wanawake wanaoomba nafasi hizi bado huulizwa maswali ambayo mwanamume haulizwi: watoto wana umri gani, mume atakubali safari za mikoani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, ukiwemo unaotokana na jinsia, hali ya ndoa na ujauzito, na inamhusu pia mwombaji kazi. Ukiulizwa, unaweza kujibu kwa utulivu kwamba umesoma majukumu ya safari na uko tayari kuyatekeleza, kisha ukarudisha mazungumzo kwenye kazi. Na wewe uliye kwenye bodi, mzuie mwenzako kabla mwombaji hajalazimika kujitetea.

Maombi na usaili

Wasifu wa mtu anayeomba ukurugenzi uoneshe alichobeba, si alichohudhuria. Sentensi kama “nilihusika katika utekelezaji wa mradi wa lishe” haisemi kitu. Linganisha na hii: “Nilisimamia bajeti ya shilingi milioni 180 kwa miaka miwili katika wilaya tatu, nikiongoza watumishi sita, ukaguzi wa mwaka wa pili haukuwa na gharama zisizokubalika.” Kama takwimu zako ni ndogo, ziandike hivyo hivyo. Milioni 15 zilizosimamiwa hadi ukaguzi zina uzito kuliko mabilioni uliyopita karibu nayo. Orodha ya semina ishirini na vyeti vya kuhudhuria iondoe kabisa.

Barua ya maombi iwe ya ukurasa mmoja au mmoja na nusu. Ieleze unaelewaje hali ya asasi hii, si asasi kwa ujumla. Soma taarifa zao za mwaka zilizopo hadharani, mpango mkakati, taarifa za fedha. Ikiwezekana nenda mahali wanapofanya kazi, uwasikilize wanakijiji bila kujitangaza kuwa unaomba kazi. Utakachosikia pale kitakufaa sana kwenye usaili.

Wadhamini unaowataja wawe wamekuona ukifanya uamuzi. Profesa aliyekufundisha miaka kumi iliyopita ni heshima, lakini mwenyekiti wa bodi uliyewahi kuripoti kwake, au afisa wa mfadhili aliyekagua mradi wako, atajibu maswali ambayo profesa hawezi. Waombe ruhusa, uwatumie tangazo, uwakumbushe mliyofanya pamoja.

Usaili wa nafasi hii mara nyingi huwa na sehemu mbili: wasilisho la kuandaa, na maswali ya ana kwa ana. Wakati mwingine kuna zoezi la bajeti au taarifa ya fedha yenye makosa ya kutafutwa. Maswali yanayojirudia ni haya: ungefanya nini mfadhili mkuu akiondoka? Eleza mgogoro wa watumishi uliowahi kuutatua. Uliwahi kumkatalia mkubwa wako jambo gani? Hapa ndipo mwombaji aliyejifunza kubeba uamuzi hutofautiana na wengine. Wengine hujibu kwa “tungefanya”, “inabidi kushirikisha wadau”. Yeye anasema kulikuwa na jambo hili, machaguo yalikuwa mawili, nilichagua hili kwa sababu hizi, matokeo yakawa haya, na leo ningebadilisha kipengele kile. Jibu la namna hiyo huchukua dakika tatu, na wajumbe huinua vichwa kutoka kwenye karatasi zao.

Usiahidi kuleta wafadhili wapya ndani ya miezi sita. Mwenye uzoefu kwenye bodi atajua hujawahi kuandika andiko kubwa likapita hatua zote.

Kabla ya kusaini mkataba

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje ili kuipitia upya, na katika miezi iliyofuata sehemu kubwa ya programu za USAID ikafutwa. Kote Afrika Mashariki asasi zilizotegemea fedha hizo zilipokea barua za kusimamisha kazi, watumishi wakarudishwa nyumbani, huduma za afya zikayumba. Wakurugenzi wengi walijikuta na mikataba ya pango na magari lakini hawana mishahara. Kwa hiyo mtu anayepewa kiti leo ana haki, na kwa kweli ana wajibu, kuuliza kabla ya kukubali.

Uliza asilimia ngapi ya bajeti inatoka kwa mfadhili mmoja, na mkataba wake unaisha lini. Uliza asasi ina akiba ya kuendesha ofisi kwa miezi mingapi bila ruzuku mpya. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na orodha ya madeni, yakiwemo ya TRA na NSSF. Uliza kama kuna shauri mahakamani au mbele ya Tume ya Usuluhishi. Uliza kwa nini mkurugenzi aliyetangulia aliondoka, na ikiwezekana zungumza naye mwenyewe. Bodi ikikasirika kwa maswali haya, umeshapata jibu.

Mkataba wenyewe uwe na muda, kwa kawaida miaka miwili au mitatu, na vigezo vya kupima kazi yako vilivyokubaliwa kwa maandishi. Useme mipaka yako ya kuidhinisha malipo bila bodi. Uangalie muda wa taarifa ya kuvunja mkataba, kiinua mgongo, bima ya afya, na je, mshahara wako unalipwa na mradi mmoja au umegawanywa kwa miradi kadhaa. Mkurugenzi ambaye mshahara wake wote unatoka kwenye mradi mmoja hushindwa kumwambia mfadhili wa mradi huo “hapana”, hata pale anapopaswa.

Miezi ya kwanza

Usibadilishe muundo wa ofisi mwezi wa kwanza. Zungumza na kila mtumishi peke yake, dereva na mlinzi wakiwemo, ukiwauliza nini kinafanya kazi na nini kinawakwamisha. Tembelea maeneo yote ya mradi. Badilisha watia saini benki mara moja, na hakikisha hakuna malipo yanayoweza kutoka kwa saini ya mtu mmoja, hata yako. Tengeneza kalenda moja yenye tarehe za ripoti za wafadhili, makato ya kila mwezi, taarifa ya msajili, vikao vya bodi na ukomo wa mikataba ya watumishi, kisha uibandike ambapo wote wanaiona.

Utaulizwa upesi na watu wa nyumbani. Ndugu watataka ajira, rafiki atataka zabuni ya kuchapisha fulana, mzee wa ukoo atatuma kijana na bahasha yenye vyeti. Jibu liwe moja kwa wote: nafasi zikitangazwa, aombe kama wengine, nami sitakaa kwenye jopo hilo. Liseme kwa heshima, shikamoo na salamu zote zikiwa mahali pake, lakini liseme mara ya kwanza unapoulizwa. Ukilegeza kwa mmoja, hutaweza kuwakatalia waliobaki. Kisha ijulishe bodi kwa maandishi uhusiano wowote ulio nao na muuzaji au mwombaji wa kazi.

Mapema pia, mtafute atakayeweza kukaimu. Mpe nafasi ya kuongoza ofisi wewe ukiwa likizo, na ukiwa likizo usipige simu kila asubuhi. Ikifika siku ya kuondoka, iwe kwa ukomo wa mkataba au kwa kazi nyingine, andika hati ya makabidhiano: mikataba inayoendelea na tarehe zake, salio la kila akaunti siku hiyo, madeni na madai, nywila na funguo na walio nazo, mali zenye namba zake, kesi zilizo wazi, ahadi ulizotoa kwa mdomo kwa vijiji na kwa watumishi. Hizo ahadi za mdomo ndizo husahaulika, na mrithi wako atazisikia kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa kijiji. Isainiwe na wewe, anayepokea na mwenyekiti wa bodi, nakala tatu, moja ubaki nayo.